Wosia Wetu na Elimu ya Mtoto wa Mgeni

Miaka michache iliyopita tuliitwa usiku katika kigango kimojawapo cha Muleba, nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyerudishwa kutoka hospitali baada ya waganga kusema kwamba hawana la kuongeza. Tulimpa Mpako wa Wagonjwa. Tulipokuwa tukikunja stola, akatushika mkono akasema, "Padre, kaa kidogo. Kuna neno sijalisema kwa mtu."

Neno lenyewe lilikuwa hili. Kibanja chake kilikuwa kimehudumiwa kwa muda wa miaka 19 na kibarua aliyetoka Burundi, mtu aliyepalilia migomba, akachuma kahawa, akazika watoto wake wawili katika ardhi yetu, na kulea mmoja. Huyo mmoja, binti, alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hakuna mtoto wa mwalimu mwenyewe aliyewahi kuzipata. Mwalimu alikuwa na nyumba ndogo ya kupangisha mjini, aliyoijenga kwa kiinua mgongo chake. Alitaka kodi ya nyumba hiyo, kwa muda wa miaka kumi, ilipie masomo ya binti huyo, na baada yake masomo ya watoto wengine wa vibarua wa kigango kile.

Tulichukua daftari la shule tukaandika. Akatia sahihi kwa mkono unaotetemeka. Mashahidi walikuwa katekista na mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa kuwa hao ndio waliokuwapo kwa ajili ya sala. Mkewe alikuwa jikoni akichemsha maji. Hatukumwita, tukisema moyoni kwamba mama wa watu amechoka. Siku ya tatu mwalimu akafariki dunia.

Kikao cha ukoo kilipoketi, kijana wake mkubwa aliusoma wosia ule kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Shahidi wa ukoo yuko wapi?" Hatukuwa na jibu. Mahakama ya mwanzo nayo iliuliza swali lile lile, ikaongeza la pili juu ya mke wa marehemu. Wosia ukawekwa kando. Binti yule leo anauza ndizi mbivu kando ya barabara kuu iendayo Bukoba, nasi humpita kila tunapokwenda jimboni.

Wapo waliomlaumu kijana wa marehemu. Sisi hatumlaumu. Aliuliza swali la haki. Kosa lilikuwa letu sisi tuliosoma falsafa na teolojia miaka mingi tukaona kwamba karatasi iliyoandikwa na padre inajitosheleza. Tunaandika makala haya ili kosa hilo lisirudiwe katika kigango kingine, na pia kwa sababu jambo alilotaka mwalimu yule tunaliona kuwa jema, linalostahili kufikiriwa na kila mwamini mwenye chochote cha kuacha.

Ndugu wasomaji, mgeni si habari mpya katika Kagera. Tangu enzi za wakoloni, wenye vibanja vya Buhaya wameajiri watu kutoka Rwanda na Burundi kwa kazi ambazo watoto wa nyumbani walizikimbia. Kuanzia mwaka 1959 waliongezeka waliokimbia mauaji ya Rwanda, wakakaa Karagwe, Ngara na Biharamulo. Na mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilianza kuwapa uraia maelfu miongoni mwao. Mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye, Warundi walimiminika Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa uliootea usiku mmoja, hata Desemba 1996 Wanyarwanda walipoamriwa kurudi kwao. Kisha mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, na maelfu ya watu, baadhi yao wakiwa wameishi hapa miongo mizima, wakavushwa mpaka. Katika parokia zetu wapo watoto waliobaki na mzazi mmoja kwa sababu ya operesheni ile.

Hatusemi kwamba Serikali haina haki ya kulinda mipaka yake. Inayo, na Kanisa linalifundisha hilo waziwazi. Wala hatumshauri mtu yeyote amfiche asiye na kibali. Tunasema juu ya mtoto. Mtoto hakuvuka mpaka kwa hiari yake. Wengi wao hawakuvuka mpaka wowote, wamezaliwa Kamachumu, Kanyigo, Nshamba, na lugha yao ya kwanza ni Kihaya.

Mtoto huyu anasomaje? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali mpaka kidato cha nne, na baadaye mpaka kidato cha sita. Tunaishukuru Serikali. Lakini kila mzazi anajua kwamba kufutwa kwa ada hakukufuta sare, madaftari, viatu, chakula cha mchana, godoro la bweni na nauli. Kibarua anayelipwa kwa siku, na siku ya mvua halipwi, hushindwa hapo. Akivumilia hadi mwisho wa sekondari, mwanawe anakutana na ukuta mwingine: mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni ya raia wa Tanzania. Asiye na uraia, au asiye na karatasi za kuuthibitisha, anajitegemea. Mtoto wetu akikosa mkopo ana mjomba Mwanza, ana shangazi Dar es Salaam, ana ukoo wa kuchangishana. Mtoto wa kibarua ukoo wake uko ng'ambo ya Ruvubu, au haupo kabisa.

Tunajua neno ambalo wasomaji wengi wanalo mdomoni wakati huu, maana tumelisikia katika Halmashauri za Walei zaidi ya mara moja: "Padre, watoto wetu wenyewe hawana karo. Tuanze na wa jirani?" Swali hili lina uzito. Eneo hili liligundulika kuwa na wagonjwa wa UKIMWI tangu mwaka 1983, kabla ya sehemu nyingine yoyote ya nchi, na hapana kijiji kisicholea yatima. Tetemeko la Septemba 2016 liliangusha nyumba na madarasa. Ukungu wa umaskini haujaondoka juu ya migomba yetu. Hatumwombi mjane mwenye yatima watano aache watoto wake amsomeshe mtoto wa jirani. Anayemwomba hivyo, hata akiwa amevaa kanzu, msimsikilize. Mali ya marehemu ina wenyewe wa kwanza: mke, watoto wa kiume na wa kike kwa pamoja, wazazi waliozeeka. Tunachosema kinahusu sehemu inayobaki, nasi tunajua kwamba kwa baadhi yetu inabaki.

Agano la Kale lilimwamuru mwenye shamba asivune hadi pembe za mwisho, wala asirudi kuokota mganda aliousahau, bali amwachie mgeni, yatima na mjane. Angalieni: mgeni ametajwa pamoja na yatima, hakuwekwa nyuma ya foleni asubiri yatima wa nyumbani waishe. Ruthu Mmoabu aliishi kwa masazo ya shamba la Boazi, naye akawa nyanya wa baba yake Mfalme Daudi. Wosia kwetu ni mavuno ya mwisho ya mtu. Pembe ya shamba iko pale.

Wengine husema kwamba kumsomesha mgeni ni kumjengea nyumba asiyeishi kwako, akisoma ataondoka. Hapa tunaomba watu wa Ihangiro watazame kilicho mlangoni pao. Seminari ya Rubya ilianzishwa mwaka 1904. Katika waseminari wake wa mwanzo walikuwamo vijana waliotumwa kutoka Rwanda, kwa kuwa kwao hapakuwa bado na seminari. Kati yao walikuwamo Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, waliopewa daraja ya upadre mwaka 1917, mapadre wa kwanza wa Rwanda. Walikula ndizi za Ihangiro, wakaondoka. Nani leo anasema kwamba ndizi zile zilipotea? Na sisi wenyewe tumekula ugenini. Wahaya wangapi walipata elimu na kazi Uganda kabla ya uhuru na baada yake? Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia, ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Kagera walikimbilia upande huu na vitanda vichwani, na walipokelewa. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Heshima ile ilikuwa ya nchi, maana yake ilikuwa pia ya mama wa Ngara aliyegawa kisima chake.

Basi tuje kwenye karatasi yenyewe, ambapo ndipo tulipoanguka.

Wengi wetu mirathi zetu huamuliwa kwa sheria za kimila, zile zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963. Kanuni zake za wosia si ngumu. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi unataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika: wasiopungua wawili ikiwa mwenye wosia naye anajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na wasiopungua wanne ikiwa hajui. Mke, au wake, walioko nyumbani nao washuhudie. Uandikwe kwa wino au kwa mashine, wala si kwa penseli, uwe na tarehe, useme kwamba mwenyewe ana akili timamu na anatoa kwa hiari. Anayepewa kitu katika wosia asiwe shahidi wake. Mwalimu yule alikuwa na ndugu yake nyumba ya tatu kutoka pale. Dakika kumi za kumwamsha zingetosha.

Jambo la pili ni ardhi. Kibanja cha ukoo si mali ya kumwachia mtu au chama nje ya ukoo kwa wosia, na anayejaribu kufanya hivyo anawaachia warithi kesi. Mali uliyoichuma mwenyewe, yaani nyumba uliyojenga, shamba ulilonunua kwa hati, fedha za benki, ng'ombe, hisa, juu ya hiyo una uhuru mpana zaidi. Hata hivyo usimnyime mrithi haki yake bila sababu nzito iliyoelezwa, maana sheria ya mila haikubali, na dhamiri haikubali.

Juu ya ardhi ya ukoo tunalo shauri maarufu lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, hapa hapa Muleba. Mama Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka, pasipo mtu wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, alikwenda mahakamani akidai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni iliyomnyima mwanamke haki aliyopewa mwanamume ilipingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Tunalikumbusha shauri hili kwa sababu bado tunakuta wosia zinazoandikwa na waamini wema, zenye sadaka kwa Kanisa na sadaka kwa maskini, na binti wa nyumbani hakutajwa hata kwa sufuria. Sadaka ya namna hiyo tungependa irudishwe.

Jambo la tatu ni wakati. Wako Wakristo ambao mahakama huona kwamba wameacha maisha ya kimila, na mirathi zao hufuata Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoachiwa na Waingereza. Sheria ile iliandikwa na kifungu kinachosema kwamba mwenye ndugu wa karibu, akitaka kuacha mali kwa ajili ya dini au sadaka, awe ameandika wosia wake si chini ya miezi 12 kabla ya kifo, na ameuweka mahali pa hifadhi ya kisheria ndani ya miezi sita tangu kuuandika. Baadhi ya mapadre wenzetu hukiona kifungu hiki kuwa ni uadui kwa Kanisa. Sisi tunakiona kuwa na hekima: kinamlinda mgonjwa dhidi ya yeyote anayeketi kando ya kitanda chake na kalamu, hata akiwa na stola shingoni. Andika ungali na afya. Muulize hakimu au mwanasheria ni sheria ipi itakayotumika kwako. Uweke wosia mahakamani, au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, au mahali pengine pa kuaminika, na umwambie mtu uliyemteua kuwa msimamizi mahali ulipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nani apokee? Hapa tunasema kwa ukali kidogo. Usiandike "namwachia Padre fulani". Padre huhamishwa, padre hufa, na padre pia ni mwanadamu. Andika jina la chombo kilichoandikishwa kisheria, kama vile wadhamini walioandikishwa wa Jimbo, ukitaja waziwazi kazi ya fedha hiyo: masomo ya watoto wa vibarua na wakimbizi, wa parokia fulani, bila kubagua dini. Mkanganyiko huanzia kwenye maneno mapana. Mtu akiandika "kwa maskini", fedha inaweza kuishia kwenye bati la kanisa, na hapana atakayeweza kusema kwamba ameibiwa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iko upande wa mtoaji. Kanuni ya 1267 inasema kwamba kilichotolewa kwa lengo maalumu kitumike kwa lengo hilo tu. Kanuni ya 1300 inataka matakwa ya mtoaji yatimizwe kwa uangalifu mkubwa, na ile ya 1301 inamfanya Askofu kuwa msimamizi wa wosia za namna hii, mwenye wajibu wa kudai hesabu. Kwa hiyo mlei anayesimama katika Halmashauri na kuuliza fedha ya wosia wa marehemu fulani imesomesha nani, haleti fujo. Anamsaidia Askofu kazi yake. Tunapendekeza kila parokia yenye wosia wa aina hii iwe na kamati ndogo ambamo yumo mwalimu, yumo mama wa WAWATA, na yumo mzazi mmoja kati ya hao wageni wenyewe, na hesabu ibandikwe ubaoni mara moja kwa mwaka.

Kiasi si hoja kubwa. Si kila mtu ana nyumba ya kupangisha. Mwenye shamba la kahawa alilonunua anaweza kusema: mavuno ya mstari huu, miaka mitano. Ila aseme pia kwamba kahawa hiyo isiuzwe kwa butura, maana tumeona mirathi ya yatima ikiuzwa ingali maua kwa nusu ya nusu ya bei yake.

Imebaki sehemu moja ya habari ya mwalimu. Kanuni ya 1299 inasema kwamba ikiwa wosia wa sadaka umepungukiwa na taratibu za kisheria, warithi wakumbushwe wajibu walio nao wa kutimiza nia ya marehemu. Kukumbushwa si kulazimishwa. Tulikwenda mara mbili. Kijana mkubwa alitupokea kwa heshima, akatupa kahawa ya kutafuna, akasema atafikiri, angali anafikiri. Binti wa marehemu anayefanya kazi Mwanza alituma fedha ya cherehani kwa yule anayeuza ndizi, akaahidi kumlipia chuo cha ufundi hali ikiruhusu.

Na mjane, yule tuliyemwacha jikoni, alikuja parokiani mwezi mmoja baada ya matanga. Alituambia kwamba mumewe alikuwa amezungumza naye juu ya nyumba ile na mtoto yule tangu zamani, na kwamba usiku ule alingoja aitwe. Sasa anataka kuandika wosia wake mwenyewe, juu ya mbuzi wake na kiwanja alichonunua kwa fedha ya kuuza maharage. Ametutajia mashahidi: shemeji yake, kaka yake, jirani wa Kilutheri, na mwenyekiti wa kitongoji. Hajui kusoma, kwa hiyo wanahitajika wanne. Alikuwa ameshauliza mahakamani kabla ya kuja kwetu.